Sura ya Saba: Gazeti Ambalo Halikuchapwa

Tangu nianze kuandika juu ya magazeti ya zamani, kuna swali moja ambalo nimeulizwa kuliko mengine yote, na karibu kila anayeuliza huanza vilevile: "Je, kama…?" Je, kama mlima ungekuwa upande wetu? Je, kama yule mzee angeshinda kesi? Je, kama mpaka usingefungwa? Nimewahi kusikia watu wenye digrii mbili wakisema hilo ni swali la watoto. Huenda. Lakini watoto ndio huuliza mbona mpaka una kona.

Mimi jibu nililianzia ukutani. Entarara, huku Kajiado, kuna hoteli ndogo ya chai (hoteli ya kwetu, isiyo na kitanda) ambayo kuta zake za mbao zimebandikwa magazeti kwa gundi ya unga wa ngano ili kuzuia upepo na vumbi. Ukingoja chai, unasoma ukuta. Habari ya mchezaji imekaa kando ya tangazo la kifo. Waziri mmoja amebandikwa kichwa chini miguu juu, na hakuna aliyejisumbua kumgeuza. Shida ya ukuta huo ni moja: kila habari nzuri inaishia kwa maneno "Endelea ukurasa wa 6", na ukurasa wa 6 umegeukia ubao. Umeshikwa na gundi. Hausomeki tena mpaka siku nyumba itakapobomolewa.

Kwa hiyo wanywaji chai humalizia habari wenyewe. Mmoja anasema waziri alijiuzulu, mwingine anasema alipandishwa cheo, na wa tatu anasema yule alikimbilia kwa mkewe wa pili. Nilikaa pale mara nyingi, nikaanza kuandika majibu yao kwenye daftari. Sura hii imetoka humo.

Historia mbadala ni nini?

Historia mbadala ni masimulizi ya jambo ambalo lingeweza kutokea lakini halikutokea. Unashika tukio la kweli, unarudi nyuma hadi njia panda, yaani pale ambapo mambo yangeweza kwenda huku au kule, kisha unafuata njia ambayo watu hawakuipita. Kuna waandishi wanaojaza riwaya nzima kwa kazi hiyo. Sisi wa ukutani tunatosheka na kichwa cha habari, yale maneno makubwa yanayokaa juu ya ukurasa ili mtu anayepita kwa muuza magazeti ayasome bila kulipa.

Sasa, si kila "je, kama" inachekesha. Siku moja kijana mmoja alisema kwamba Kenya ingepata uhuru mapema, leo tungekuwa na roketi mwezini. Watu waliendelea kunywa chai. Mzee aliyekuwa pembeni akadakia: "Ingekuwa mwezini, lakini ingekuwa inangoja vipuri kutoka Mombasa." Hapo vikombe viliwekwa chini. Mzee yule alibadili jambo moja tu, roketi, akawaacha watu kama walivyo. Uchunguzi wangu wote umeishia hapo: kicheko hakitoki kwenye kilichobadilishwa. Kinatoka kwenye kile kinachokataa kubadilika.

Mlima uliopindisha mpaka

Asubuhi isiyo na mawingu, Kilimanjaro huonekana kama umeegeshwa nyuma ya nyumba. Mgeni akiuona huuliza mbona mlima uko hapa na ni wa Tanzania, na lazima mtu ampe ile hadithi ya Malkia Victoria: eti alikuwa na milima miwili yenye theluji, mjukuu wake Wilhelm wa Ujerumani hana hata mmoja, basi bibi akampa mmoja kama zawadi ya siku ya kuzaliwa.

Hadithi tamu, na ni uongo. Waingereza na Wajerumani waligawana eneo hilo mwaka 1886, na Wilhelm akawa Kaisari mwaka 1888. Sababu yenyewe haina keki. Mawakala wa Wajerumani walikuwa wamekusanya mikataba kwa watawala wa Uchagani, na Mwingereza Harry Johnston alikuwa amejipatia wake Taveta mwaka 1884. Wakapatana: Taveta huku, mlima kule. Chukua rula uiweke kwenye ramani kutoka pwani ya Vanga hadi pale mpaka unapoingia Ziwa Victoria. Mstari ulionyooka ungepita kusini ya kilele. Lakini kalamu yao ilipokaribia, iliuzunguka mlima kwa upande wa kaskazini kisha ikaendelea na safari, kama mtu aliyekwepa dimbwi.

Tuinyooshe. Magazeti yangeandika nini?

"KILELE CHA KENYATTA CHAWASHIWA MWENGE." Kwa kweli, ni usiku wa uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961, ambapo Luteni Alexander Nyirenda alipandisha mwenge na bendera hadi juu, na kilele kikaitwa Uhuru. Kwetu tungengoja Desemba 1963, na jina ninalijua tayari. Nchi yenye Kenyatta barabarani, hospitalini, chuo kikuu na kwenye jumba la mikutano, kilele cha mita 5,895 kingeponea wapi? Njia ya kukipanda ingeanzia Lango la Moi.

"WAFANYABIASHARA WA LOITOKITOK WALIA: Mpaka umehamishwa, sukari haina pa kuvukia."

Na hiki ninachokipenda kuliko vyote: "KENYA YAKASIRIKA: Watanzania watangaza 'Njoo Moshi uone Kilimanjaro'." Watanzania wamelalamika miaka mingi kwamba sisi tunauza sura ya mlima wao kwa watalii wa Amboseli. Ukinyoosha mpaka, ugomvi haufi, unabadilisha viti tu. Mwenye mlima anauza kupanda, asiye na mlima anauza kutazama.

Mahakama iliyowaita wageni

Hapa nitakaa zaidi, maana jambo hili ni la Kajiado hasa, na kicheko chake kina uchungu wa shubiri.

Mwaka 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka nyanda za Naivasha na Nakuru ili walowezi wapate nafasi. Walipewa maeneo mawili, Laikipia kaskazini na jingine kusini, pamoja na ahadi kwamba hawatasumbuliwa tena. Ahadi ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 ulitiwa saini mkataba wa pili, na waliokuwa Laikipia wakaambiwa wateremke kusini na mifugo yao. Parsaloi ole Gilisho, kiongozi wa Wamaasai wa upande huo, hakukubali. Yeye na wenzake wakatafuta mawakili, wakaishtaki serikali. Fikiria ujasiri huo: kumshtaki mkoloni katika mahakama ya mkoloni, mbele ya hakimu wa mkoloni, kwa sheria ya mkoloni.

Mwaka 1913 kesi ikatupwa. Sababu, nikiisema kwa lugha ya hoteli, ilikuwa hivi: mikataba ile ilifanywa kati ya Uingereza na Wamaasai kama taifa la kigeni, na ugomvi wa mataifa mawili si wa kuamuliwa na mahakama ya kawaida. Wanasheria hukiita kitu hicho tendo la dola, maana yake kitendo ambacho serikali hukitendea taifa jingine na ambacho hakimu hana ruhusa ya kukigusa. Kwa hiyo Wamaasai walikuwa wageni kiasi cha kutosha kunyimwa mahakama, lakini hawakuwa wageni kiasi cha kutosha kuachiwa nchi.

Wengi huuliza, "Je, kama ole Gilisho angeshinda?" Mimi nilibandika swali jingine: je, kama angeshindwa vilevile, halafu Wamaasai wakaichukua hukumu ile neno kwa neno? Asante, bwana hakimu. Umesema sisi ni nchi nyingine. Basi.

"WAMAASAI WAFUNGUA UBALOZI LONDON: Mbuzi watatu wa balozi wazuiliwa forodhani."

"TRENI YA MAGADI YASIMAMISHWA KAJIADO: Abiria wote hawana viza."

"LORD DELAMERE AOMBA KIBALI CHA MGENI: Atakiwa kuleta barua ya mwajiri na picha mbili." Delamere, kwa asiyemjua, alipewa ekari 100,000 kule Njoro mwaka 1903. Nilipokisoma kichwa hicho kwa sauti, mama mwenye hoteli alicheka hadi akaweka birika chini. Kisha akauliza, bila kucheka, "Na picha angepigia wapi?"

"BROKA WA KITENGELA AMUUZIA BALOZI WA UINGEREZA PLOTI MOJA MARA TATU." Hiki nilikijaribu Kitengela kwenyewe, ndani ya matatu, na hakuna aliyedhani ni mzaha. Abiria wawili waliniuliza ni ploti ipi.

Historia yenyewe ilikwendaje baada ya hapo? Eneo la kusini likawa ndilo pekee walilobaki nalo. Sheria ya mwaka 1968 ikaleta mashamba ya vikundi, yaani ardhi inayomilikiwa na jamii kwa hati moja chini ya wawakilishi wao. Baadaye mengi yakagawanywa kwa mtu mmoja mmoja, na kila mmoja akapata hati yake na mgeni wake mlangoni mwenye mkoba. Leo nyanda ambazo ng'ombe walikuwa wanavuka bila kuulizwa zinapimwa futi 50 kwa 100. Kichekesho cha balozi kinafanya kazi kwa sababu broka hahitaji historia yoyote maalumu ili awepo.

Kwa ufupi, mpaka hapa

- Tumenyoosha mpaka, na ugomvi wa mlima umebaki.
- Tumewapa Wamaasai ubalozi, na barua ya mwajiri na picha mbili vimebaki.
- Mlima wenyewe haujasogea.

Foleni ya Namanga

Tarehe 5 Juni 1963, jijini Nairobi, Kenyatta wa Kenya, Nyerere wa Tanganyika na Obote wa Uganda walitangaza kwamba nchi zao zingeungana kuwa shirikisho kabla ya mwaka kwisha. Shirikisho ni nchi kadhaa zinazokubali kuwa na serikali moja ya juu huku kila moja ikibaki na mambo yake ya nyumbani. Mwaka ukaisha. Badala yake mwaka 1967 ikaja Jumuiya ya Afrika Mashariki, nayo ikavunjika mwaka 1977. Tanzania ikafunga mpaka, na Namanga, mji wa mpakani, ikalala usingizi hadi mwaka 1983. Shirika moja la ndege likagawanyika, kila nchi ikajitafutia lake.

Sasa badilisha jambo moja: wale watatu watimize neno lao.

"SHIRIKISHO LAZALIWA: Wakuu wakubaliana kila jambo isipokuwa nani akae katikati kwenye picha."

"WABUNGE 40 WA NAIROBI WARUDISHWA DARASANI: 'Yule meza' yawaponza." Huyu ni Nyerere, mwalimu kwa kazi kabla ya kuwa Rais, na mtu aliyetafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Mnadhani angelikaa bunge moja na sisi akanyamaza? Mzee mmoja pale hotelini, mkwe wake Mtanzania wa Longido, alisema kichwa hicho si historia mbadala hata kidogo. Ndivyo Krismasi inavyokuwa nyumbani kwake kila mwaka.

"MAKAO MAKUU KUWA ARUSHA: Ofisi zote kubaki Nairobi kwa muda." Chini yake, kwa herufi ndogo: mwaka wa 14 wa muda huo. Cha kushangaza ni kwamba Jumuiya ilipofufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, makao yake yaliwekwa Arusha kweli. Wakati mwingine mbadala na halisi hukutana njiani na kusalimiana.

"FOLENI YA NAMANGA YAONDOLEWA: Wananchi wapanga foleni kuuliza ilikopelekwa."

Dereva wa lori aliyekuwa anakula chapati hakukicheka hiki. Alisema siku hizi pale pana kituo cha pamoja, maofisa wa nchi mbili wako chini ya paa moja, tangu mwaka 2018. "Zamani nilikuwa nangoja mara mbili," akasema, "siku hizi nangoja mara moja." Akafikiri kidogo. "Lakini kwa muda uleule." Nikamwomba ruhusa, nikayaandika maneno yake neno kwa neno. Sina kichwa cha habari kinachoyashinda.

Mwaka ambao kuwaza kulikuwa kosa

Msomaji wa leo anaweza kudhani mchezo huu haujawahi kumdhuru mtu. Lakini Oktoba 1976, wanasiasa wenye nguvu walikuwa wanataka katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais, Daniel arap Moi, asikalie kiti moja kwa moja kama Rais Kenyatta angefariki. Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo akatoa onyo. Akawakumbusha kwamba kwa sheria ya nchi, mtu anayewaza au kunuia kifo cha Rais anatenda kosa, na adhabu yake ni kunyongwa. Mijadala ikapoa kama uji uliowekwa nje. Aliyejitokeza na orodha ya wabunge 98 wanaopinga mabadiliko alikuwa mtu wa hapa kwetu, Stanley Oloitipitip, mbunge wa Kajiado Kusini.

Kwa maneno mengine, kwa siku chache mwaka ule, "je, kama" ilikuwa swali la kukutia kitanzini. Njia panda hii haihitaji kupindwa. Nyoosha tu sheria ile hadi mwisho wake:

"WATU 12 WANASWA WAKIWAZA MTAANI: Polisi wapata mto mmoja na blanketi mbili zinazoaminika kutumika."

"SHAHIDI AKIRI: Nilimwona ametazama dari."

Mzee Kenyatta alifariki Agosti 1978 Mombasa, na Moi akakalia kiti kama katiba ilivyosema. Wengi waliokatazwa kuwaza walikuwa wamewaza sawasawa.

Ndizi na chungwa

Kisa hiki ni kifupi. Katika kura ya maoni juu ya rasimu ya katiba, tarehe 21 Novemba 2005, tume ya uchaguzi iliwapa wa Ndiyo alama ya ndizi na wa La alama ya chungwa. Chungwa likashinda, na chama kizima kikazaliwa kutoka kwenye tunda hilo. Hebu tume ingetoa fenesi. "CHAMA CHA FENESI CHAPATA OFISI: Mlango wapanuliwa." Wiki chache kabla ya kura hiyo, serikali ilitangaza kuikabidhi Amboseli kwa halmashauri ya Kajiado, na hatua hiyo baadaye ikaangushwa mahakamani. Ingesimama, nina hakika habari ya kwanza ingekuwa: "NDOVU 3 WAFUNGIWA MINYORORO KWA KUEGESHA BILA TIKETI."

Ukitaka kujaribu mwenyewe

- Badilisha jambo moja. Ukibadilisha mawili, msomaji anaanza kuhesabu badala ya kucheka.
- Jua ukweli kwanza. Asiyejua kwamba majaji waliwaita Wamaasai taifa la kigeni hawezi kuwafungulia ubalozi.
- Weka kitu kidogo cha kushikika: mbuzi, muhuri, picha ya pasipoti. Maneno kama "uchumi" na "maendeleo" hayajawahi kumchekesha mtu.
- Usicheze juu ya kaburi. Watu huniuliza mbona siandiki juu ya asubuhi ya jaribio la mapinduzi, tarehe 1 Agosti 1982. Siku ile watu walikufa, na wapo wanaongoja hadi leo kuambiwa walizikwa wapi. Hata simba Mohawk, aliyetoka mbugani Nairobi akapigwa risasi Isinya mwezi Machi 2016 baada ya kumjeruhi mtu, ilinichukua muda kabla ya kumwandikia "SIMBA AREJEA KWA MATATU YA KITENGELA: Makanga adaiwa chenji". Na bado sijui kama nilifanya vyema.
- Andika tarehe ya uongo wazi, au cheka kabla ya kukipitisha kichwa chako cha habari kwa wengine. Sababu ya hili ni ndefu kidogo.

Wanaoamini

Gazeti lenyewe linaweza kuingia historia mbadala bila kujua. Novemba 1948, gazeti la Chicago Daily Tribune lilikuwa na mgomo wa wachapaji, likalazimika kufunga kurasa mapema kuliko kawaida, na likaamini dalili za mwanzo. Likatoka na maneno makubwa kwamba Dewey amemshinda Truman. Truman ndiye aliyeshinda. Akaliinua gazeti lile mbele ya wapiga picha, meno yote nje, na picha hiyo imeishi kuliko habari nyingi za kweli zilizochapwa wiki ile. Waliolinunua asubuhi mapema waliishi saa chache katika Marekani ambayo haikuwahi kuwapo, wakanywa chai yao huko, pengine wakapongezana.

Nilidhani mambo hayo ni ya mbali. Kisha siku moja nilisahau karatasi zangu pale hotelini, vichwa vyote vya habari vimechapwa kwa herufi kubwa, safi, kama gazeti. Niliporudi baada ya wiki, nilizikuta ukutani. Mama alikuwa ameona ni karatasi nzuri, akazibandika karibu na dirisha, mahali upepo ulikuwa unapita. Waziri aliyekaa kichwa chini sasa alikuwa jirani na balozi na mbuzi wake watatu.

Kijana wa bodaboda alikuwa amesimama mbele yao, kofia ya chuma mkononi, midomo ikicheza. Alisoma habari ya treni hadi mwisho, akageuka.

"Mama," akasema, "hii viza ya Kajiado inalipiwa wapi?"

Mama hakuinua macho kutoka kwenye sufuria.

"Kwa chifu," akamjibu. "Na ubebe picha mbili."